Samaki wa vidimbwi hawadondoki na mvua

Kila mvua za Desemba zinapoanza Dodoma, husambaa tena katika makundi ya simu ujumbe unaodai kwamba visamaki wanaoonekana kwenye vidimbwi vya Bahi, ambavyo wiki chache zilizopita vilikuwa vumbi tupu, wameshuka kutoka mawinguni, au kwamba ni watoto wa perege. Si kweli. Hao ni samaki wa jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Nothobranchius, katika oda (kundi pana zaidi) ya Cyprinodontiformes, ambao si ndugu wa karibu wa perege. Kabla kidimbwi hakijakauka, hutaga mayai topeni. Wazazi hufa, lakini viinitete, yaani visamaki wanaoanza kuumbika ndani ya mayai, husimamisha ukuaji wao kwa miezi kadhaa, kisha mayai huanguliwa maji yanaporudi.

Anayetilia shaka achukue udongo mkavu wa kidimbwi chao mwishoni mwa kiangazi, aumwagie maji ndani ya beseni lililofunikwa kwa chandarua, na achungulie kwa siku chache. Huenda asione kitu mara ya kwanza, kwa kuwa si mayai yote huanguliwa kwa pamoja. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Watu wengine huchanganywa pia na dume la samaki hao kung'aa kwa rangi ilhali jike amefifia, wakadhani ni aina mbili.