Kwa nini ukuta wa mbele wa nyumba ya safu ya Kiingereza hujitokeza tumbo

Ukizitazama kutoka barabarani, nyumba za safu, yaani zilizoungana ukuta kwa ukuta, zilizojengwa London na Brighton mwanzoni mwa karne ya 19 zinaonekana nzito na imara. Lakini ukuta wa mbele, ule unaopendwa na wapiga picha, mara nyingi ndio dhaifu kuliko kuta zote za nyumba. Anayekusudia kuutengeneza ajue kwanza ulivyojengwa.

Wajenzi wengi walipanga ardhi kwa miaka 99 au karibu na hapo, wakajenga haraka ili wauze. Matofali mazuri ya kuonekana nje yalikuwa ghali, na tangu 1784 hadi 1850 matofali yote yalitozwa kodi. Kwa hiyo nje waliweka tabaka moja la matofali bora, na nyuma yake matofali ya bei nafuu. Kwa macho utaona mpangilio wa kupishanisha: tofali moja limelala kwa urefu, linalofuata limetoa kichwa, yaani ncha yake fupi. Kichwa hicho kilitakiwa kuingia ndani na kufunga matabaka mawili. Wajenzi wengi walivunja tofali katikati, wakapata vichwa viwili kutoka tofali moja. Hapo tabaka la nje, lenye unene wa sentimita 11 tu, halijashikwa na kitu isipokuwa chokaa na vichwa vizima vichache mno. Ndani ya ukuta waliweka pia mbao za kufungia. Maji yakifika zinaoza na kuacha nafasi tupu. Zaidi ya hayo, ukuta wa mbele haukufungwa vizuri kwenye kuta za pamoja za jirani. Matokeo yake ni tumbo, yaani ukuta kuvimba kuelekea nje, hasa kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili.

Kulipima, teremsha timazi kutoka juu, pima umbali kila mita moja, kisha gonga matofali kwa mpini wa nyundo. Sauti ya uwazi inaonyesha matabaka yameachana. Mhandisi wa majengo ya kale ataamua kama vyuma vya kufungia visivyoshika kutu vinatosha, vinavyopenya hadi tabaka la nyuma au hadi kwenye maboriti ya sakafu. Kubomoa na kujenga upya kuwe chaguo la mwisho.

Saruji ndiyo iliyoharibu nyumba hizi kuliko kitu kingine. Tofali la zamani ni laini na hunywa maji, na chokaa kati ya matofali ndiyo njia ya maji kutokea. Ukiziba viungo kwa saruji, unyevu unalazimika kutoka kupitia tofali lenyewe. Baridi ikiugandisha, uso wa tofali unamomonyoka. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar nazo, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, huumia kwa unyevu uliozuiwa zikipigwa lipu ya saruji.

Kazi sahihi ni ya polepole. Toa chokaa iliyochoka kwa patasi nyembamba, kina kiwe angalau mara mbili ya upana wa kiungo. Msumeno wa umeme hukata kingo za matofali, na kidonda hicho hakiponi. Safisha vumbi, lowesha ukuta, jaza kwa chokaa sehemu moja na mchanga mkali (wenye chembe zenye kona) sehemu tatu, halafu funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa ikikauka kwa haraka hubaki unga. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, acha kabisa.

Madirisha nayo yanastahili uvumilivu. Sheria ya ujenzi ya London ya 1774 ilitaka masanduku ya mbao ya madirisha yafichwe nyuma ya tofali kwa ajili ya moto, ndiyo maana unaona mbao nyembamba tu. Vioo viwili vizito havikai kwenye vijiti vyembamba vinavyoshika vioo, na uzani uliotundikwa ndani ya sanduku ili kusawazisha dirisha linalopanda na kushuka hautavibeba. Kata sehemu iliyooza chini, unga mbao mpya, kisha ongeza dirisha la pili upande wa ndani.

Kabla ya kugusa chochote kinachobadilisha sura ya nyumba iliyoorodheshwa, yaani iliyo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, omba kibali cha halmashauri. Ulinzi unahusu ndani pia: ngazi, mahali pa moto, milango. Kufanya kazi bila kibali ni kosa la jinai, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka miwili.

Kisha panda juu. Nyumba nyingi za London zina paa lenye bonde katikati, limefichwa nyuma ya ukuta wa mbele, na maji yote hupita kwenye mfereji mmoja wa risasi, ile metali laini. Majani yakiuziba, maji huingia vichwani mwa maboriti bila mtu kuona. Vipande vya risasi visizidi takriban mita 1.5, kila kimoja kiishie kwenye kidato, kwa sababu kipande kirefu hutanuka juani na kupasuka. Mfereji huo usafishwe kila vuli, majani yakishamaliza kuanguka, na tena majira ya kuchipua.