Pima Thieta Watu Wakiwa Kazini

Hospitali nyingi za huku Nakuru huniita nipime usafi wa hewa ya thieta, yaani chumba cha upasuaji, ikiwa tupu. Sakafu imepigwa deki, milango imefungwa, hakuna anayepumua ndani isipokuwa mimi. Hesabu ya chembe za hewani hutoka nzuri na cheti hubandikwa ukutani. Kipimo hicho kina kazi yake, maana hufichua kichungi kilichotoboka au mpira wake uliolegea. Lakini mgonjwa hapasuliwi katika chumba kitupu.

Kiwango cha ISO 14644, kile cha kimataifa cha vyumba safi, chenyewe hutenganisha chumba kilichotulia na chumba kilicho kazini. Katika famasia, kabati la kuchanganyia dripu linatakiwa kuwa daraja la 5 (namba ikiwa ndogo, hewa ni safi zaidi): kila mita ya ujazo ya hewa isizidi chembe 3,520 za nusu maikromita (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kwenda juu. Chumba kinacholizunguka huwa daraja la 7, na kikomo chake ni 352,000. Kichungi cha HEPA, kinachosafisha hewa inayoshuka kutoka darini, hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, kwa hiyo kikiwa kizima, uchafu mwingi hautoki darini. Unatoka kwetu. Ngozi hupukutika mchana kutwa, na anayetembea au kukung'uta shuka huyarusha hewani magamba yenye bakteria.

Kwa hiyo mimi huanza na geji ya presha iliyo kando ya mlango. Thieta hutakiwa kusukuma hewa kuelekea korido. (Chumba cha kuchanganyia dawa za saratani ni kinyume: presha yake huwa chini, dawa isije ikawafikia walio nje.) Mlango ukiachwa wazi, mshale huanguka kuelekea sifuri na hewa ya korido hupata njia. Hapo nahesabu wanaoingia kuchukua uzi, glavu, simu. Vingi vya hivyo vingeandaliwa mapema.

Januari na Februari vumbi laini la Nakuru huziba vichungi vya awali kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye ratiba. Fuateni geji, si kalenda. Kisumu, kwa joto na unyevu wa ziwa, mimi huogopa kuvu zaidi. Umeme ukikatika na jenereta ikashika, msikimbilie kisu. Hewa ikibadilishwa mara 20 kwa saa na kuchanganyika vizuri, huchukua kama dakika 14 kuondoa asilimia 99 ya chembe zilizobaki.

Mashine ya kuhesabu chembe haijui kilicho hai. Kwa hilo tunatumia sahani za kuoteshea vijidudu, zenye kipenyo cha milimita 90, zinazoachwa wazi kwa muda usiozidi saa nne. Nimezikuta zimewekwa pembeni, mahali asipopita mtu. Wekeni karibu na meza ya vifaa, upasuaji ukiendelea, na muandike idadi ya waliokuwemo na mlango ulifunguliwa mara ngapi. Vijidudu vikiota, maandishi hayo ndiyo yatakayowaonyesha pa kuanzia.