Njia ya mafuta ya ndege: maana yake, na kwa nini si mpira tu

Chuchumaa kando ya pikipiki ya kabureta uangalie chini ya tangi. Kuna koki, kuna mpira mweusi usiofika hata shubiri mbili, pengine kachujio ka plastiki katikati, kisha kabureta. Hiyo ndiyo njia ya mafuta nzima. Mpira ukipasuka ncha, mwenye bodaboda hukata kile kipande kibovu, huchomeka upya na kuendelea na safari kabla abiria hajamaliza kulalamika. Ndege ndogo ina vitu vilevile, ila vimerefushwa, vimeongezwa idadi na kupitishwa mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa hiyo njia ya mafuta si jina la mpira. Ni kila kitu ambacho petroli hupitia tangu inapotoka tangini hadi inapoingia kwenye injini: chujio la mdomo wa tangi, mabomba ya ndani ya bawa, koki ya kuchagulia tangi la kulia au la kushoto, chujio la chini lenye kizibo cha kutolea maji, pampu, mipira ya mbele, na viungo vinavyoshikanisha hivyo vyote. Ukihesabu viungo kwenye ndege ya viti viwili tu unaweza kushangaa. Na kila kiungo ni mahali ambapo mafuta yanaweza kutoka au, kibaya zaidi, hewa kuingia. Mafuta yakitoka unaona unyevu na kusikia harufu. Hewa ikiingia upande unaovutwa na pampu, huoni tone hata moja. Injini tu inaanza kukohoa.

Neno hili lina uzito wa pekee kwa ndege za kujitengenezea. Nyumbani kwao hasa ni Marekani, ambako chama cha waundaji, EAA, kilianzishwa mwaka 1953, na ambako sheria inamruhusu mtu wa kawaida kuunda ndege yake mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojifunza au kujifurahisha tu. Wenyewe huiita kanuni ya asilimia 51. Kwenye ndege ya kiwandani, mhandisi aliamua zamani bomba lipite wapi. Kwenye ndege ya kujitengenezea anayeamua ni mwalimu mstaafu au fundi umeme aliyesimama ndani ya gereji yake na koili ya bomba mkononi.

Bomba au mpira?

Penye utulivu weka bomba, penye mtikisiko weka mpira. Ndani ya bawa na kiwiliwili hakuna kinachocheza, hivyo hupita bomba la aluminiamu. Linalotumika sana ni aina ya 5052-O, kipenyo cha nje inchi 3/8, unene wa ukuta inchi 0.035. Hiyo herufi O maana yake aluminiamu hiyo imelainishwa kwa joto, ikunjike bila kupasuka. Wapo wanaotamani shaba nyekundu, ile ya mafundi friji, kwa kuwa inakunjika kwa mkono na inapatikana kila mtaa. Waiache. Shaba ikitikiswa muda mrefu hukakamaa, na ikishakakamaa hupata ufa.

Mwisho wa bomba hupanuliwa mdomo kama tarumbeta, ukae juu ya kichwa cha kiungo chenye umbo la pia. Hapa ndipo wanaotoka kwenye magari hunaswa. Kiungo cha ndege kina mwinamo wa nyuzi 37. Cha gari ni nyuzi 45. Ukivishika mkononi huoni tofauti, na nati inaweza hata kuuma vizuri, lakini midomo hailaliani, na mvujo utakuja siku yake. Vipimo navyo vina lugha yao: kiungo cha namba 6 ni cha bomba la inchi 6/16, yaani hiyohiyo 3/8.

Kuna kosa ambalo karibu kila muundaji hulifanya walau mara moja. Amepima bomba, amelikata, amesugua makali, amelikunja kona tatu likakaa sawasawa na mbavu za ndege, kisha anapanua mdomo kwa ustadi mkubwa. Anainua macho, anaiona nati na pete yake zimetulia mezani. Zilipaswa kuvishwa kwanza. Mdomo ukishapanuka haziingii tena, na bomba lenyewe limekuwa fupi mno kukatwa upya. Saa mbili za kazi zimekwenda.

Kukaza nako kuna kiasi chake. Nati ya bomba la aluminiamu la inchi 3/8 hukazwa kwa inchi-pauni 75 hadi 125, karibu niutoni-mita 8 hadi 14, na hiyo ni nguvu ndogo kuliko anayoizoea fundi wa malori. Anayeongeza "kidogo tu kwa usalama" huufinya ule mdomo ukawa mwembamba shingoni, na hapo ndipo utakapokatika baada ya miezi. Wala usizungushie utepe mweupe wa mafundi bomba. Kwenye kiungo cha aina hii, kinachozuia mvujo ni midomo kubanana, nyuzi za nati kazi yake ni kukaza tu. Vijipande vya utepe hunyofoka vikasafiri hadi kwenye kabureta, na tundu la mafuta mle ndani ni dogo kuliko ncha ya kalamu.

Mipira huanzia kwenye ukuta wa moto, yaani lile bamba linalotenganisha injini na chumba cha rubani. Injini imekaa juu ya raba na hucheza huku na huku, hasa wakati wa kuwashwa na kuzimwa. Bomba gumu lingekatika hapo. Mipira ya magari yenye alama ya J30R7 hukusudiwa mifumo ya kabureta; J30R9 ina tabaka la ndani linalostahimili zaidi kemikali na joto. Bora kuliko hiyo ni hosi ya tefloni iliyosukiwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Hii haizeeki upesi, ila ikishazoea mkunjo wake usijaribu kuinyoosha, utaivunja ndani. Chochote utakachochagua, mbele ya ukuta wa moto kivishwe soksi ya moto, ule mfuko mnene wa rangi ya tofali uliofumwa kwa nyuzi za kioo na kupakwa silikoni. Kipimo cha hosi inayohimili moto ni dakika 5 kwenye mwali wa nyuzi joto 1,093 za Selsiasi. Dakika 5 si nyingi, lakini zinaweza kumfikisha rubani chini.

Kabla ya kufunga hosi yoyote uliyoichomeka mwenyewe, ielekeze kwenye taa uchungulie ndani. Chuma kinapoingia kwenye mpira kwa nguvu kinaweza kuparua ngozi ya ndani, ikabaki imening'inia kama ulimi. Mafuta yakienda polepole, ulimi unalala na kuyapisha. Rubani akisukuma mafuta yote kwa ajili ya kuruka, ulimi unainuka na kuziba.

Kufungwa na mvuke

Madereva wa dizeli wanajua maana ya gari kuvuta hewa: tangi limekauka, hewa imeingia, utapiga pampu ya mkono hadi itoke. Petroli ina tatizo la kwake, nalo halihitaji hewa ya nje. Petroli yenyewe inageuka mvuke ndani ya bomba, povu linakaa mahali pa mafuta, na pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika inabaki kukanyaga mvuke bila kupeleka kitu.

Mpishi aliyehama Mombasa kwenda Nairobi anakijua chanzo chake bila kuambiwa. Maharage ya Nairobi huchelewa kuiva kwa kuwa juu kule hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100. Petroli nayo ni hivyo. Kwenye futi 10,000 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 70 ya ule wa pwani, na petroli iliyokuwa tulivu chini inakaribia kuchemka. Sasa ongeza pampu iliyo mbele kabisa, juu ya injini, inayovuta mafuta kutoka kwenye tangi la bawani. Kuvuta ni kupunguza mgandamizo, kama unavyofanya kwa mrija kwenye dafu. Ongeza kona mbili kali, chujio lenye uchafu, na ekzosi iliyo jirani. Umejitengenezea birika.

Ndiyo maana ushauri wa wazee wa kazi hii ni kuweka pampu ya umeme chini, karibu na tangi, isukume badala ya kuvuta. Kona ziwe pana. Na pale injini inaporuhusu, uwekwe mrija wa kurudisha, unaorejesha mafuta ya ziada tangini pamoja na mapovu yake. Rotax 912, injini ya Austria iliyoenea sana kwenye ndege hizi, hufungwa hivyo.

Aina ya mafuta nayo ina neno lake. Petroli ya ndege, 100LL, imewekewa mpaka wa kiasi gani inaweza kutoa mvuke. Ya magari hutoa mvuke zaidi, na huko Marekani ya majira ya baridi huzidi, kwa sababu viwanda huongeza butani ili magari yawake asubuhi ya barafu. Mtu aliyehifadhi dumu la Januari akaruka nalo siku ya kwanza ya joto la Mei amebeba mafuta yenye haraka ya kuchemka. Saa mbaya kuliko zote ni baada ya kutua: injini imezimwa, hakuna upepo unaopita, joto lote linapanda kwenye mipira iliyofungiwa chini ya kava. Baada ya robo saa anawasha, inanguruma vizuri hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kisha inakatika ikiwa mita hamsini juu ya ardhi.

Njia inapopita

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji wa kantri John Denver, ambaye hata Kenya ana wapenzi wengi, alianguka baharini kwenye ghuba ya Monterey, California. Alikuwa peke yake ndani ya Long-EZ, ndege iliyosanifiwa na Burt Rutan na kuundwa na mtu binafsi. Denver aliinunua ikiwa tayari. Kwenye mchoro wa Rutan, koki ya kuchagulia tangi iko mbele, mkono wa rubani unapofika. Aliyeiunda ndege ile hakupenda petroli ipite kwenye chumba cha rubani, akaihamishia koki nyuma ya bega la kushoto. Wazo lenyewe si la kijinga. Lakini kuifikia, rubani alilazimika kujipinda karibu robo duara, na mguu wa kulia, ukitafuta pa kujiegemeza, hukanyaga kanyagio la usukani. Wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali za ndege, walihitimisha kwamba hilo ndilo lililotokea: alikuwa akihangaika na koki, akasukuma kanyagio bila kukusudia, ndege ikamponyoka. Hakuna bomba lililopasuka wala kiungo kilichovuja.

Kuhusu mahali pa kupita kuna mambo madogo ambayo sitayarefusha. Nyaya za umeme zipite juu ya bomba la mafuta, si chini yake. Bomba lishikwe kwa vibano vyenye raba, lisisugue tundu la bamba.

Ndoo na saa

Njia ikishafungwa, ipimwe. Rotax 912 ULS hunywa lita 27 kwa saa ikiwa kwenye nguvu zote za kuruka. Kipimo kinachotumika ni asilimia 125 ya hapo kwa mfumo wa pampu na asilimia 150 kwa mafuta yanayoshuka yenyewe. Kwa pampu basi inatakiwa kama lita 34 kwa saa, zaidi kidogo ya nusu lita kwa dakika. Mpira unachomolewa kwenye kabureta na kuingizwa ndooni, pua ya ndege inainuliwa kama inapanda; kwa ndege ya gurudumu la mkia, wengine huchimba kishimo cha kuingizia mkia. Kisha unawasha pampu na kutazama saa. Mwaka 2012 NTSB ilipotoa uchunguzi wake kuhusu ajali za ndege hizi, ilitaka jaribio la mfumo wa mafuta lifanywe na kuandikwa kabla ya safari ya kwanza.

Wenye mabawa ya juu hudhani hawahusiki, kwa kuwa Piper J-3 Cub haina pampu na inaruka tangu miaka ya 1930. Lakini petroli iliyosimama mita 1 juu ya kabureta hutoa mgandamizo wa ba 0.07 tu, na Rotax inataka angalau 0.15.

Matunzo ni ya macho, pua na vidole. 100LL imetiwa rangi ya buluu, kwa hiyo mvujo ukikauka huacha doa la buluu kwenye kiungo. Mpira unaozeeka huanza kuwa mgumu. Ukiukunja taratibu, nyufa hujitokeza mgongoni mwa mkunjo. Petroli yenye ethanoli huharakisha hali hiyo kwa baadhi ya raba, na pia hunyonya maji. Ndege isiyoruka huumia zaidi, kwa sababu raba iliyozoea kulowa inakauka. Rotax hutaka mipira yote ibadilishwe kila miaka 5, hata ikionekana mipya. Mimi ile ya zamani huikatakata vipande vifupi kabla ya kuitupa, mtu asije akaiokota akaifunga kwenye pikipiki.