Hati ya sehemu ya jengo: ukinunua fleti ya zamani Uhindini, unanunua nini hasa?

Ukipita Uhindini pale Mbeya, au Miyomboni kwa upande wa Iringa, utakuta majengo ya ghorofa ya siku nyingi: chini maduka, juu watu wanaishi. Dalali akikuambia "fleti ya juu inauzwa", kabla ya kuuliza bei uliza hati. Na uulize hati ya nini, ya kiwanja kizima au ya fleti hiyo peke yake.

Kwa kawaida hati ya ardhi Tanzania hutolewa kwa kiwanja, na jengo hufuata kiwanja. Mwenye kiwanja ndiye mwenye ghorofa lote, kuanzia msingi hadi bati. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 ndiyo iliyofungua mlango wa kugawa jengo moja kwa wamiliki kadhaa. Ramani ya sehemu husajiliwa, kila fleti ikapata hati yake, na mwenye nayo anaweza kuiuza au kuiweka rehani benki bila kumgusa jirani. Hiyo ndiyo hati ya sehemu ya jengo. Kama jengo halijapitishwa kwenye utaratibu huo, mwenye kiwanja hawezi kukuhamishia fleti moja, hata mkiandikishana mauziano na mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri. Mhuri wa mtaa unathibitisha kwamba mmekubaliana. Uhamisho wa umiliki unafanyika kwa msajili wa hati.

Ndani ya hati hiyo mna vitu ambavyo mnunuzi wa mara ya kwanza havioni. Kuna vyumba vyako, kuna hisa yako kwenye vitu vya wote (ngazi, paa, kuta za nje, shimo la maji taka, uwanja), na kuna uanachama katika chama cha wamiliki. Hauchagui kujiunga, ukinunua umo.

Hisa ndiyo inayoleta ugomvi. Tuseme jengo lina maduka mawili chini na fleti nne juu. Kila duka limepewa hisa 20 na kila fleti 15, jumla 100. Mvua za Mbeya zinaanza Novemba, bati linavuja, na fundi anataka shilingi milioni 10 kuezeka upya. Kila mwenye fleti atatoa milioni 1.5, na kila mwenye duka milioni 2. Mwenye duka atakuja juu: "Mimi paa linanihusu nini? Maji hayanifikii!" Linamhusu, kwa sababu paa ni la wote na hisa yake ni kubwa kuliko yako. Kwenye jengo lisilo na chama kinachofanya kazi, mtu wa juu huishia kuweka ndoo sebuleni mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana mimi ningetazama daftari la michango kabla ya kutazama jiko. Vigae vipya na rangi safi ni kazi ya wiki moja. Paa na shimo la maji taka vinahitaji watu sita wakubaliane.

Nenda ukaangalie msimu wa mvua, na upande ngazi hadi juu. Angalia pembe za dari, na harufu ya ngazini kule chini. Juni na Julai baridi ya Mbeya haikaushi kitu, kwa hiyo ukuta uliolowa Aprili bado utakuwa na ukungu, labda umepakwa rangi juzi.

Kuna suala la miaka. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Sisi tunapewa haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Fleti inabebwa na muda wa kiwanja chake. Kiwanja kilichopewa miaka 33 mwaka 2001 kinafika mwisho 2034. Muda unaweza kuombewa upya, lakini bei unayolipa leo izingatie kilichobaki, pamoja na deni la kodi ya pango la ardhi kama lipo.

Tahadhari nyingine ni kilemba, yaani fedha anayopewa mpangaji ili akuachie nafasi yake. Majengo mengi ya zamani katikati ya miji yetu yalitaifishwa mwaka 1971, na mwaka 1990 Msajili wa Majumba, chombo cha serikali kilichosimamia majengo hayo, akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Humo wamo wapangaji wa miaka mingi, na wapo wanaopokea fedha ili wakupishe. Hapo umenunua nafasi ya mpangaji, na yeye hana umiliki wa kukupa. Risiti za LUKU zenye makato ya kodi ya majengo hazithibitishi kitu; hata mpangaji hukatwa.

Jina lililo kwenye hati likiwa la marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa hakutoshi, hata kama ukoo mzima umekaa kikao. Na muuzaji akiwa na mke au mume, pata ridhaa ya mwenzake kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa hiyo.

Upekuzi rasmi kwa msajili ndio utakaokuonyesha jina la mmiliki, rehani na zuio kama vipo. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 na kwa desturi ni wa mnunuzi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, na bila makadirio ya TRA uhamisho hautasajiliwa. Andikeni kwenye mkataba nani analipa kipi, na sehemu ya fedha ibaki kwa wakili mpaka hati itoke kwa jina lako.