Daraja la Meno Likilegea, Usiligundishe Nyumbani

Wengi wanaokuja kwangu na daraja la meno lenye hitilafu hawaji siku lilipoanza kucheza. Wanakuja miezi kadhaa baadaye, daraja limegundishwa kwa supaglu, shavu limevimba, na meno yaliyokuwa yakilibeba yamebaki visiki vyeusi. Ukifika hivyo, mara nyingi kazi niliyobakiwa nayo ni kung'oa. Haya ni maswali ninayoulizwa kila mara. Pale watu wanapoumia nimejibu kwa kirefu.

Daraja la meno ni nini hasa?

Ni jino au meno ya bandia yasiyovuliwa, yanayoziba pengo kwa kushikiliwa na meno yako mwenyewe yaliyo pembeni ya pengo hilo. Meno hayo ya pembeni tunayaita meno ya nguzo. Daktari huyachonga kuyapunguza, kwa kawaida kati ya milimita 1 na 2, kisha kila moja huvishwa kofia. Jino la bandia la katikati huwa limeungana na kofia hizo kuwa kitu kimoja. Kofia hutengenezwa kwa metali iliyofunikwa porselini au kwa zirkonia, aina ya kauri ngumu sana, na daraja zima hugandishwa kwa saruji maalumu ya meno.

Shika jambo moja hapo: nguzo ni meno yako. Yana mizizi, yana ufizi, na yanaoza.

Nikiliacha pengo kuna ubaya gani?

Meno jirani huanza kuinamia pengo, na jino lililo mkabala na pengo kwenye taya nyingine, likikosa mwenzake wa kukutana naye, hushuka au hupanda taratibu. Baada ya miaka nafasi inapotea, na daraja ambalo lingekuwa kazi nyepesi linakuwa gumu au haliwezekani kabisa. Si kila pengo ni lazima lizibwe. Gego la mwisho kabisa mara nyingi huachwa tu. Baada ya kung'oa tunasubiri kidonda kipone na mfupa utulie, kwa kawaida miezi 2 hadi 3, ndipo tunatengeneza daraja la kudumu.

Hakuna njia nyingine zaidi ya kuchonga meno mazima?

Zipo. Kuna meno ya kuvaa na kuvua, ambayo ni nafuu zaidi. Kuna jino la kupandikiza, linalosimama juu ya skrubu ya titani iliyofungwa kwenye mfupa wa taya. Hilo ni ghali lakini haligusi majirani. Kwa jino la mbele kuna pia daraja la mabawa, linalobandikwa nyuma ya jino jirani kwa kuchonga kidogo sana au bila kuchonga.

Kijana mwenye meno ya pembeni yasiyo na doa wala kizibo, mimi humwambia afikiri sana kabla ya kukubali yachongwe. Gamba gumu la juu la jino likishaondolewa halioti tena. Lakini kama meno hayo ya pembeni tayari yana vizibo vikubwa na yanahitaji kofia kwa vyovyote vile, daraja ni uamuzi mzuri.

Daraja langu linacheza kidogo, lakini halitoki. Nisubiri litoke lenyewe?

Hapana. Hili ndilo swali lililonifanya niandike.

Daraja la kawaida limeshikiliwa pande mbili. Linapoanza kulegea, mara nyingi saruji imeachia nguzo moja tu. Ile ya pili bado imeshika, ndiyo maana daraja halidondoki. Sasa kila ukitafuna, upande ulioachia huinuka na kurudi. Ukiinuka hunyonya mate na mabaki ya chakula, ukirudi huyakandamiza juu ya jino lililochongwa, kama pampu ya baiskeli. Jino hilo halina tena gamba lake gumu. Limevuliwa nguo, halafu limefungiwa gizani na chai ya sukari. Linaoza kwa kasi ambayo jino la kawaida haliozi.

Unaweza kujipima mwenyewe mbele ya kioo. Bonyeza daraja kwa kidole, upande mmoja kisha mwingine. Ukiona vipovu vya mate vinatoka ukingoni mwa kofia, saruji imeachia. Dalili nyingine ni ladha mbaya inayotoka sehemu moja ya mdomo, harufu inayorudi nusu saa baada ya kupiga mswaki, au maji baridi kuchoma upande huo. Ukiwa na moja kati ya hizo, njoo wiki hii. Usingoje mwisho wa mwezi.

Lakini haliumi hata kidogo.

Najua. Haliumi, na ndiyo hatari yenyewe. Nguzo nyingi zilikwisha kutibiwa mzizi kabla ya kuvishwa kofia. Mshipa wa fahamu uliondolewa, kwa hiyo jino hilo haliwezi kukulilia likioza. Linaoza kimya mpaka linavunjika usawa wa ufizi. Ambalo mshipa wake ungali hai linaweza kukaa kimya muda mrefu, na likianza kuuma uozo umeshafika ndani.

Kutouma si dalili ya uzima. Narudia kwa sababu kila wiki naambiwa, "Daktari, nilikuwa sisikii kitu."

Nimeligundisha kwa supaglu na limeshika vizuri. Kuna shida gani?

Tafadhali acha. Supaglu si saruji ya meno. Hukauka kwa sekunde chache, kabla hujaliweka daraja mahali pake sawasawa, na daraja likikaa juu hata kwa nusu milimita, kila ukiuma nguzo zinabeba mzigo usio wao mpaka zinaanza kuuma au kupasuka. Gundi hiyo huchubua ufizi. Na kubwa kuliko yote, umewafungia wadudu ndani pamoja na jino. Umeziba mlango huku mwizi yumo.

Kuna hasara nyingine ambayo watu hawaijui. Daraja lililoachia likiletwa mapema, na nguzo zikiwa bado nzima, mara nyingi nalisafisha na kuligandisha upya siku hiyo hiyo. Lililojaa supaglu iliyogandana huenda nikalazimika kulikata vipande ili litoke, na ukishalikata utatengeneza jipya.

Ni siku mbili tatu tu, mpaka nipate hela.

Hapana. Hizo siku mbili tatu huwa miezi sita, kwa sababu daraja likishashika mtu husahau. Kuligandisha upya ni gharama ndogo ukilinganisha na kutengeneza jipya, na ni ndogo mno ukilinganisha na kupoteza nguzo mbili na kubaki na pengo la meno matatu mahali ulipokuwa na pengo la moja. Kama hela haipo leo, njoo upimwe tuone hali ya nguzo, tukubaliane la kufanya. Kaa bila daraja mdomoni kuliko kukaa na daraja lililogundishwa.

Shavu lilivimba, nikanunua amoksilini na flajili duka la dawa, uvimbe ukapungua. Nimepona?

Hujapona. Dawa imewapunguza wadudu waliosambaa, lakini chanzo kiko ndani ya jino, na kinaendelea. Uvimbe utarudi, na huenda ukarudi mkubwa zaidi. Wale wanaomeza nusu dozi na kuweka zilizobaki kabatini "kwa ajili ya siku nyingine" wanawafundisha wadudu kuizoea dawa.

Sasa naomba usome hili polepole. Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukapata homa, mdomo ukashindwa kufunguka, kumeza mate kukawa shida, ulimi ukahisi umeinuliwa au pumzi ikabana, hiyo si kazi ya duka la dawa tena. Nenda hospitali usiku huo huo. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa, na mtu hufa. Mwenye kisukari asingoje hata dalili hizo zikamilike. Uvimbe wowote wa taya kwake ni safari ya hospitali.

Daraja limetoka lote usiku huu. Nifanye nini?

Lioshe kwa maji, liweke kwenye kikopo chenye mfuniko, usilitupe. Usilale nalo mdomoni, maana unaweza kulivuta likaingia kwenye njia ya hewa. Sugua nguzo taratibu kwa mswaki laini na dawa ya meno, tafunia upande mwingine, na uje nalo. Ukikaa majuma mengi meno husogea, na daraja linaweza lisiingie tena.

Jino la bandia haliozi. Kwa nini nihangaike kulisafisha?

La bandia haliozi, ni kweli. Nimeshasema yanayooza ni yaliyo chini na pembeni yake. Ukoga hujikusanya pale kofia inapokutana na ufizi, na chini ya jino la katikati, mahali ambapo mswaki wa kawaida haufiki, wala mswaki wa mti haufiki. Unahitaji uzi wa meno wenye ncha ngumu, au kile kijisindano cha plastiki cha kupitishia uzi, uuingize chini ya daraja na kuusugua huku na huku, kila usiku. Vibrashi vidogo vya katikati ya meno pia vinafaa. Vijiti vya kuchokolea havitoshi, na wanaovisukuma kwa nguvu wanauchana ufizi.

Ufizi ukitoka damu siku za mwanzo, usiache. Kuacha ndiko kunakozidisha.

Naweza kula chochote?

Karibu chochote, ila usipasue mifupa wala kumenya miwa kwa upande wa daraja, na barafu isitafunwe. Na soda haifunguliwi kwa meno, yawe ya bandia au ya kuzaliwa nayo. Sielewi kwa nini bado tunalizungumzia hili wakati porselini zinabanduka kila siku kwa ajili yake. Unayesaga meno usingizini mwambie daktari wako. Anaweza kukutengenezea kinga ya kuvaa usiku.

Meno yangu ni ya kahawia kwa sababu ya maji ya Arusha. Daraja litaonekana tofauti?

Si lazima. Madini ya floridi yaliyo mengi katika maji ya maeneo ya Meru na Kilimanjaro hubadili rangi ya meno tangu utotoni, na fundi wa maabara anaweza kuifuatisha rangi hiyo. Omba rangi ichaguliwe mchana, karibu na dirisha.

Kuna fundi mtaani anabandika meno kwa bei ndogo, kazi ya saa moja. Nimwendee?

Usiende. Anachofanya ni kumwaga plastiki laini juu ya meno mazima na ufizi, ikauke hapo hapo. Hakuna eksirei, hakuna nafasi ya kupitisha uzi, na ufizi unaoza chini yake. Daraja la kweli huchukua angalau safari mbili kliniki, moja ya kuchonga na kuchukua alama ya meno, nyingine ya kugandisha, na katikati unavaa daraja la muda. Daktari wa meno Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kumwomba akuonyeshe leseni yake si utovu wa adabu.

Daraja zuri linadumu muda gani, na nirudi lini?

Mengi hudumu miaka 10 au zaidi kama nguzo zinatunzwa. Rudi kila baada ya miezi 6 likaguliwe, hata kama husikii lolote, na baada ya muda tutapiga eksirei kuangalia chini ya kofia. Kama unaishi mbali na kituo chako hakina daktari wa meno, anza hospitali ya wilaya, uwaambie una daraja linalocheza, waandike rufaa. Lililotoka libebe kwenye kikopo chake.