Liturgia si kusoma kitabu tu

Kila mwaka darasa la kipaimara linapoanza, lazima kijana mmoja aniulize: "Mwalimu, mbona kwetu ibada ni kusoma kitabu tu? Kwa wenzetu Roho anashuka." Mwaka huu aliyeuliza ni mzazi, tena Mlutheri wa kuzaliwa. Nimechoka kulijibu swali hilo mlangoni mwa kanisa huku watu wanatoka.

Kinachosomwa humo ni Biblia. Fungua kitabu chako cha nyimbo kwenye liturgia, yaani utaratibu wa ibada, Biblia iwe pembeni. "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu" ni wimbo wa maserafi aliousikia Isaya, sura ya 6. "Utukufu kwa Mungu juu" ni wa malaika, usiku ule aliozaliwa Yesu. "Mwana-kondoo wa Mungu" ni maneno ya Yohana Mbatizaji. "Utuhurumie" ni kilio cha kipofu wa Yeriko. Baraka ya mwisho ni Hesabu 6:24-26, aliyopewa Haruni na Mungu mwenyewe kwa kinywa cha Musa. Ni lipi hapo ambalo Roho hakulivuvia?

Usharikani kwetu kuna bibi asiyejua kusoma. Anaitikia liturgia yote macho kayafumba, hakosei hata neno. Huyo anasoma kitabu gani?

Mtazame pia mchungaji anavyogeuka. Kwa desturi, anapoomba kwa niaba yetu anaelekea madhabahuni pamoja nasi. Anapotangaza ondoleo la dhambi, anaposoma Injili na anapobariki, anatugeukia. Ibada ya Kilutheri iko hapo: Mungu anatuhudumia, nasi tunaitikia. Anayeingia wakati wa mahubiri ameshakosa kuungama na kusamehewa. Fika kabla ya kengele, ndugu yangu, ndipo uniambie hukusikia kitu.

Wengine husema: "Tumeiga kwa Wakatoliki." Martin Luther, mwanamatengenezo tunayeitwa kwa jina lake, hakuanzisha ibada mpya. Mwaka 1523 aliisafisha misa, akaondoa yaliyoifanya sadaka ya kasisi kwa Mungu, mengine akayaacha. Mwaka 1526 akaitoa kwa Kijerumani, watu waelewe wanachoomba na waimbe wenyewe. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 24, linakana kabisa kwamba tuliifuta misa.

Au: "Mkate wa Meza ya Bwana ni ukumbusho tu." Sivyo. Kwenye mjadala wa Marburg, Ujerumani, mwaka 1529, Luther aliandika mezani kwa chaki "Huu ni mwili wangu", na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi aliyeona mkate ni ishara tu, hakumtoa hapo. Usiende mezani pa Bwana kama anayehudhuria kumbukumbu ya marehemu.

Au tena: "Ngoma na makofi si Ulutheri." Kifungu cha 7 cha Ungamo hilohilo kinasema si lazima taratibu zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Ngoma zipigwe. Kinachoniuma ni kwaya tano kuimba nyimbo mbilimbili, kisha tunaambiwa muda umebana, ungamo la dhambi linarukwa.