Shida si R, shida ni F: herufi kubwa katika barua zetu za Kiingereza

Steshenari yangu iko uchochoroni, hatua chache kutoka Makoroboi, hapa Mwanza mjini. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, lakini kinachonilisha hasa ni kuchapa. Mteja anakuja na barua aliyoiandika kwa mkono, naichapa kwenye kompyuta, anasaini, anaondoka.

Juzi alikuja kijana wa Sengerema, ametoka kushuka kivuko cha Kamanga. Karatasi yake ilikuwa imekunjwa mara nne kama pesa ya pindo la khanga. Nilipoikunjua nikakuta hivi: "DeaR SiR, I am wRiting to apply foR the post of stoRe keepeR." Kila R ilikuwa kubwa. Kwa kimo zilisimama sawa na jirani zake, lakini umbo ni lile la herufi kubwa, kichwa duara na mguu umetupwa mbele. Chini kabisa, juu ya jina lake, alikuwa ameandika "YouRs Faithfully".

"Dada," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hizi R zangu si wataniona sijasoma?"

"Mdogo wangu, R zako hazina neno. Shida ni hiyo F."

Hakunielewa, na simlaumu. Mambo ninayoyasikia mezani kwangu kuhusu herufi kubwa na miandiko ya watu, mengi yamegeuzwa miguu juu kichwa chini.

"Anayechanganya kubwa na ndogo hajasoma"

Kanuni ya herufi kubwa inahusu kazi ya herufi katika sentensi: inafungua sentensi, inafungua jina. Umbo ambalo mkono wako umezoea kulichora ni habari nyingine. Macho ya msomaji yanapima kimo. R yenye kimo cha herufi ndogo inasomeka r, na mimi naichapa r bila hata kufikiri. Kosa linaanza pale R inapopanda juu mpaka haijulikani kama inaanza jina au imepotea njia. Hapo msahihishaji wa mtihani ana haki ya kukukata alama.

Na tabia hizi huwa na sababu zake. Andika neno "corner" harakaharaka uone r na n zinavyokumbatiana zikawa m. Andika "river", r na v zinataka kufanana kama kulwa na doto. Mtu akisomwa vibaya mara mbili tatu, mkono wenyewe unatafuta njia, unaokota R kubwa kwa sababu haifanani na kitu kingine.

Mimi mwenyewe e yangu ndogo ni kama tatu iliyogeuzwa. Nikiwa darasa la nne, mwalimu mmoja (shule naiacha bila jina) alinichapa viboko viwili kwa ajili ya hiyo e, akasema nimeitunga kichwani. Miaka mingi baadaye nikaja kuiona alfabeti ya Kigiriki: ndiyo epsiloni yao ndogo, ipo tangu enzi. Viboko vyangu havikurudishwa.

Tazama pia ramani za nyumba zilizochorwa kwa mkono. Wanaojenga Buhongwa wananiletea nitoe kopi, na humo kila neno ni herufi kubwa tupu: BEDROOM, STORE, SEPTIC TANK. Sijasikia mtu akisema mchoraji hajasoma. Wachoraji walifundishwa hivyo ili maandishi yasomeke hata mchoro ukipunguzwa au ukitolewa kopi iliyofifia, na wengi wakizoea wanaandika hivyohivyo hadi orodha ya sokoni.

"Mwandiko ni kioo cha mtu"

Huyu ana herufi zilizolala kushoto, basi ni msiri. Yule anaandika kubwakubwa, ana majivuno. Utabiri huu una jina, grafolojia, na aliyeuvalia njuga ni kasisi mmoja wa Ufaransa, Jean-Hippolyte Michon, katika miaka ya 1870. Watafiti wameupima mara nyingi. Wataalamu wake wakipewa maandishi ambayo hayasemi lolote kuhusu maisha ya mwandishi, hawabashiri utendaji wa kazi vizuri kuliko mtu wa kawaida anayebahatisha. Msichanganye hili na kazi ya wanaolinganisha saini mahakamani. Wale wanauliza kama mkono ulioandika hapa na pale ni mmoja, hawaulizi kama mwenye mkono ni mwema.

Mimi nina ushahidi wangu wa mezani. Mteja huyohuyo akiandika kaunta yangu ikiwa tupu, mwandiko wake umenyooka. Akija siku kuna foleni, akaandikia gotini, utaapa ni mtu mwingine. Tabia yake haijabadilika kati ya kaunta na goti.

"Waingereza wanajikweza, ndiyo maana 'I' ni kubwa"

Hili nililetewa na mzee mmoja anayekuja kuchapa barua za ushirika, na alilisema kwa ushindi: wao 'mimi' kwa herufi kubwa, wewe unayeandikiwa 'you' kwa herufi ndogo. Ni hoja tamu. Nilimheshimu, nikampa kiti, kisha nikamwambia, "Mzee wangu, kama ni majivuno, mbona 'me' na 'my' wameziacha ndogo?" Anayejikweza hajikwezi nusu.

Chanzo chake kiko kwenye mkono wa mwandishi. Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa "ic", baadaye likawa "ich", kisha likapukutika hadi kubaki "i" peke yake. Enzi hizo vitabu vilinakiliwa kwa mkono, na kijiti kimoja kifupi kilichosimama peke yake kilikuwa rahisi kupotea au kugandana na neno la jirani. Wanakili wakakirefusha kionekane. Kufikia wakati wa mshairi wao Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, i ndefu ilikuwa imeshazoeleka, na mashine ya kupiga chapa ilipofika Uingereza kwa mkono wa William Caxton mwaka 1476, wachapaji wakazidi kuikaza. Kwa hiyo "I" kubwa ni ndugu wa R ya yule kijana wa Sengerema: mtu aliogopa kusomwa vibaya, akabadilisha umbo.

Nikamwongezea mzee la Wajerumani. 'Mimi' yao, "ich", ni ndogo, na "Sie", yaani 'wewe' ya heshima, ni kubwa. Akafurahi, akasema hao ndio wenye adabu. Sikumwambia kwamba Wajerumani haohao wanaandika kwa herufi kubwa kila nomino, samaki, mkate na choo pamoja.

Waingereza nao walipita njia hiyo. Katika karne ya 17 na sehemu kubwa ya 18, vitabu vyao vilijaa nomino za herufi kubwa. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 imeandikwa hivyo. Mtindo ukafifia wenyewe, na leo ukiandika "I bought Fish and Bread" unaonekana umekosea, ingawa miaka 300 iliyopita ungeonekana mstaarabu.

"Herufi kubwa ni heshima"

Hii ndiyo inayonipa kazi kuliko zote, na ndiyo iliyoileta ile F. Sisi tumelelewa kumwinua mkubwa. Kwa hiyo mtu anaandika "my Uncle", "the Manager", "our Chairman", na mwisho anafunga kwa "Yours Faithfully", F juu, maana uaminifu si jambo la kuandika kwa herufi ndogo! Lakini Kiingereza hakipimi cheo. Kinauliza swali moja: hili ni jina, au ni aina ya kitu?

Ziwa letu linalifundisha vizuri kuliko kitabu. "Lake Victoria", L kubwa, kwa sababu hapo "Lake" ni sehemu ya jina. Ukiendelea "we crossed the lake", l inarudi ndogo, na ziwa halijavunjiwa heshima, maji ni yaleyale. Vivyo hivyo "Uncle Juma" ni jina, "my uncle" ni uhusiano. "President Nyerere" ni jina na cheo chake, "a president" ni yeyote. Na mtu akiniuliza mbona "Dear Sir" ina S kubwa, namjibu kwamba hapo "Sir" imekalia kiti cha jina usilolijua. "Yours faithfully" haina jina ndani yake. Ni sentensi iliyokatika, kwa hiyo neno la kwanza tu ndilo linalopanda.

Hata kwa Mungu wanatofautiana. Wengi wanadhani "He" na "Him" za Mwenyezi zimekuwa kubwa tangu mwanzo, lakini Biblia ya King James ya mwaka 1611 iliziandika ndogo, na hakuna atakayesema wafasiri wale walikosa uchaji. Ukiziinua leo huna kosa, ilimradi uziinue mwanzo hadi mwisho.

Kinyume chake, mtu yuleyule anayemwinua meneja anaandika "i speak english and kiswahili". Majina ya lugha, ya siku na ya miezi katika Kiingereza hupanda daima. Masomo ya shule hushuka, "history", "mathematics", isipokuwa yale yanayobeba jina la lugha. Wafaransa wangekushangaa: kwao Jumatatu ni "lundi", ndogo kabisa.

Mtu akidhani mpangilio huu umetoka mbinguni, namkumbusha kwamba Kiswahili chenyewe kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina kubwa wala ndogo. Tenzi zote zile, majina ya mitume na ya masultani humo ndani, hakuna herufi iliyompanda mwenzake. Kigujarati vivyo hivyo. Tulipoingia hati ya Kilatini ndipo tukarithi suala la nani apande. Tukajiamulia ya kwetu: herufi kubwa tunaiweka kwenye kiambishi, Msukuma, Kiswahili, wakati Wazulu wanaacha kiambishi chini na kuinua shina, isiZulu. Na ng' yetu tunaipandisha nusu: "Ng'ambo ya ziwa", N juu, g chini. Waholanzi wana ziwa lao wanaliandika IJsselmeer, herufi mbili kubwa mwanzoni, kwa sababu kwao i na j hizo ni kitu kimoja. Nadhani wao wana mantiki zaidi kuliko sisi.

"RE: ni kifupi cha 'regarding', na lazima iwe kubwa yenye mstari"

Ni Kilatini, "re", maana yake 'katika jambo la'. Si kifupi cha neno lolote, tofauti na YAH yetu ambayo kweli imekatwa kutoka "yahusu". Herufi kubwa tupu na mstari chini ni urithi wa taipureta. Ile mashine haikuwa na herufi nene wala za ukubwa tofauti, kwa hiyo karani alikuwa na silaha hizo mbili tu za kuonyesha kichwa cha barua. Kwenye kompyuta herufi nene peke yake zinatosha. Wateja wangu hawataki. Wananiambia bila mstari barua "haijakaa kiofisi", basi nawapigia mstari, pesa ni yao.

Fomu zinazosema JAZA KWA HERUFI KUBWA nazo zina sababu ya kawaida tu. Herufi kubwa haziunganishwi, kwa hiyo karani anayeingiza jina lako kwenye mfumo halazimiki kubahatisha. Kwenye pasipoti, ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine inakubali A hadi Z kubwa, tarakimu na alama moja ya kujazia nafasi, basi. Jina lako halijageuka kuwa la kisheria zaidi. Wapo wanaoogopa kusaini kwa mwandiko wa kuunganisha kwa kuwa juu wamejaza kwa herufi kubwa. Saini ni alama yako, na asiyejua kuandika anaweka dole gumba.

Ila kwenye WhatsApp, wazee wangu, barua nzima ya herufi kubwa inasomeka kama mtu anayefoka.

Yule kijana nilimchapia barua yake, R zote zikawa r, F ikashuka. Aliisoma taratibu akifuata kwa kidole, akafika mwisho, akacheka kidogo. Akachukua kalamu yangu asaini. Jina lake lina R mbili katikati. Alisita, akanitazama.

"Weka tu," nikamwambia.

Akaziweka zote mbili, miguu mbele, akalipa, akakimbilia kivuko.